Umri wa kupiga kura kushushwa hadi miaka 16: naomba hoja zenye vielelezo, si hisia

Swali_Gumu ameandika:

Wakuu, salaam.

Kuna mdahalo unaandaliwa kuhusu kushusha umri wa kupiga kura kutoka miaka 18 hadi 16. Hoja zinazozunguka mitandaoni ni zile zile tu. Huyu anasema watoto hawajui kitu, yule anajibu kwamba vijana ndio taifa la kesho, na mjadala unaishia hapo. Naomba wenye ujuzi wa sheria za uchaguzi na kazi ya uandikishaji mnisaidie haya matatu:

1. Kisheria mabadiliko haya huanzia wapi? Katiba, sheria ya uchaguzi, au vyote viwili?
2. Nchi zilizokwisha kushusha zilivuna nini? Vijana walijitokeza kweli, au haki ilibaki kwenye karatasi?
3. Kwenye utekelezaji, mambo hukwama wapi hasa?

Siasa za vyama tuziache nje ya uzi huu, tafadhali.

---

Wakili_wa_Kijiweni amejibu:

Mkuu, swali lako la kwanza watu wengi huliruka, na huko ndiko miswada mingi hufia. Kabla ya kubishana kama kijana wa miaka 16 ana akili au hana, fungua katiba utafute hiyo namba imeandikwa wapi.

Kuna nchi ambazo katiba yenyewe inataja umri waziwazi. Ibara ya 5 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa haki hiyo raia aliyetimiza miaka kumi na minane. Hapo sheria ya kawaida haiwezi kushusha kitu. Lazima katiba irekebishwe, kwa theluthi mbili au kwa kiwango chochote ambacho katiba husika imeweka.

Kwingine katiba hutumia neno "mtu mzima" na maana ya neno hilo imefichwa mbali. Kenya ni mfano mzuri. Ibara ya 83 inasema anayestahili kuandikishwa kuwa mpiga kura ni raia mtu mzima, halafu inabidi ushuke hadi Ibara ya 260 ukute kwamba mtu mzima ni aliyetimiza miaka 18. Mwandishi wa muswada asiye makini atakimbilia 260, abadilishe 18 iwe 16, aone kazi imekwisha. Kumbe Ibara ya 45 nayo inatumia neno hilo hilo inapotoa haki ya kuoa na kuolewa! Atakuwa amelenga sanduku la kura, risasi imepiga sheria ya ndoa. Njia salama ni kuigusa ibara ya wapiga kura peke yake: "raia aliyetimiza miaka kumi na sita", bila kuigusa tafsiri ya mtu mzima. Ukisikia mtu anasema kushusha umri wa kura kunafungua mlango wa ndoa za utotoni, muulize muswada umegusa ibara ipi. Jibu liko kwenye uandishi wa muswada, na huo unaweza kusomwa.

Kisha kuna nchi ambazo sheria ya kawaida inatosha. Uingereza ilishuka kutoka 21 hadi 18 kwa sheria ya bunge ya mwaka 1969. Ujerumani wako nusu kwa nusu: katiba yao inashikilia 18 kwa uchaguzi wa bunge la taifa, lakini uchaguzi wa Bunge la Ulaya unaongozwa na sheria ya kawaida. Kwa hiyo mwaka 2024 kijana wa miaka 16 alipiga kura ya Ulaya, na ya bunge la nchi yake bado hana.

Huo unusu-nusu una gharama. Marekani ilijaribu mwaka 1970 kushusha hadi 18 kwa sheria ya kawaida. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la Oregon dhidi ya Mitchell, ikasema bunge linaweza kufanya hivyo kwa chaguzi za shirikisho tu, si za majimbo. Matokeo yake kila jimbo lililobaki na 21 lingelazimika kuwa na madaftari mawili na karatasi mbili za kura siku moja. Kero hiyo ndiyo iliyosukuma Rekebisho la 26 la katiba yao, lililoweka 18 kwa chaguzi zote. Lilitoka bungeni Machi 1971 na kufikia 1 Julai lilikuwa limeridhiwa na majimbo ya kutosha, yaani siku 100 hivi. Vita ya Vietnam ilisukuma hoja, sawa, lakini kasi ile ilitokana na hofu ya madaftari mawili.

Jambo la mwisho upande huu: jihadhari na kura ya maoni. Wanaoamua ni wale ambao tayari wana haki hiyo, na mara nyingi hukataa kuigawa. Luxembourg iliuliza wananchi mwaka 2015 kuhusu miaka 16. Takriban asilimia 81 wakasema hapana. Canton (yaani jimbo) ya Zürich, Uswisi, ilikataa mwaka 2022. Denmark ilikataa miaka 18 mwaka 1969, ikakubali 20 mwaka 1971, na 18 ikapita mwaka 1978 tu. Austria (2007) na Malta (2018) zilipitia bungeni. Usije mdahaloni ukasema "tuwaulize wananchi" ukidhani ni hoja isiyoegemea upande. Kwa suala hili inaegemea.

---

Takwimu_Tupu amejibu:

Wakili kamaliza upande wa sheria. Mimi nijibu la pili, nikianza na hesabu ambayo mara chache huifanya mtu.

Umri ulioandikwa kwenye sheria si umri ambao watu hupiga kura yao ya kwanza. Chukua nchi inayofanya uchaguzi kila baada ya miaka 5, kikomo 18. Aliyetimiza 18 siku ya uchaguzi anapiga kura akiwa na 18. Aliyetimiza siku moja baadaye anasubiri hadi akaribie 23. Wastani wa kura ya kwanza ni miaka 20 na nusu. Ukishusha hadi 16, wastani unakuwa 18 na nusu. Kwa hiyo mtu anayesema "kumi na minane ndio umri sahihi wa kuanza" anapaswa kujua kwamba chini ya sheria ya 18 wengi hawaanzi na 18.

Austria ni mfano wa kufurahisha hapa. Marekebisho yale yale ya 2007 yaliyoshusha umri hadi 16 yaliongeza pia muhula wa bunge kutoka miaka 4 hadi 5. Fanya hesabu: zamani 18 jumlisha 2, yaani 20, sasa 16 jumlisha 2.5, yaani 18.5. Walitoa miaka miwili kwa mkono mmoja na kuchukua nusu mwaka kwa mkono wa pili.

Sasa, walijitokeza? Austria ina faida moja: watafiti walipata kuangalia orodha zenyewe za waliopiga kura katika baadhi ya chaguzi za Vienna na Krems, badala ya kuuliza watu. Eva Zeglovits na Julian Aichholzer walikuta wenye miaka 16 na 17 walijitokeza zaidi kuliko wenye 18 hadi 20. Sababu inayotajwa sana ni makazi. Mwenye 16 yuko nyumbani kwao, yuko shule, anajua kituo kilipo. Mwenye 19 amehama, yuko chuoni au anatafuta kazi, na jina lake liko kwenye daftari la mtaa alikotoka. Denmark, ambako hata hawajashusha, orodha zilionyesha mteremko huo huo: wenye 18 wanajitokeza vizuri, kisha namba inashuka kwa miaka michache kabla ya kuanza kupanda tena.

Skoti ndiyo inayotajwa kila mahali kwa sababu ya kura ya uhuru ya 2014. Waliojiandikisha wakiwa na miaka 16 na 17 walikuwa 109,593. Baada ya kura, Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ilifanya uchunguzi wa maoni, asilimia 75 ya kundi hilo wakasema walipiga kura, dhidi ya 54 ya wenye 18 hadi 24. Angalia neno "wakasema". Watu hupenda kusema walipiga kura hata kama hawakwenda. Tumia takwimu hii kulinganisha makundi mawili, usiitumie kama idadi halisi. Na usisahau kwamba ile ilikuwa kura ya kuvunja au kutovunja nchi. Uchaguzi wa diwani hauwashi moto kama huo.

Kuhusu akili: Laurence Steinberg na wenzake walipima watu zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 10 hadi 30 katika nchi 11, Kenya ikiwemo. Uwezo wa kufikiri kwa utulivu, yaani kukumbuka, kulinganisha na kupima sababu, hufikia kiwango cha watu wazima karibu na miaka 16. Uwezo wa kujizuia pale hisia zimechemka au marafiki wanapokusukuma huchelewa hadi baada ya 18, wakati mwingine miaka ya ishirini na kitu. Kupiga kura kuko upande wa kwanza: una wiki kadhaa za kuamua, na kwenye kibanda uko peke yako. Kuendesha gari ukiwa na abiria wanne wanaopiga kelele kuko upande wa pili. Ndiyo maana hoja ya "mbona hatuwaruhusu kuendesha gari?" haina uzito mkubwa kama inavyosikika.

---

Mpinzani_Rasmi amejibu:

Nakubaliana na hesabu ya @Takwimu_Tupu, ila kaiacha njiani. Tuimalizie.

Kikomo kikiwa 16 na uchaguzi kila miaka 5, wapiga kura wapya wa kila uchaguzi ni rika tano: 16, 17, 18, 19, 20. Katika hizo, walio chini ya 18 ni rika mbili. Asilimia 40. Asilimia 60 bado watapiga kura yao ya kwanza katika umri ule ule wa kuhamahama tunaoambiwa ndio mbaya. Kwa hiyo hoja ya "waanze wakiwa nyumbani na shuleni ili wajenge mazoea" inawagusa wachache kuliko inavyotangazwa. Kama lengo ni mazoea tu, uchaguzi wa serikali za mitaa uliopangwa katikati ya muhula ungewafikia wengi zaidi.

Pili, Norwei. Mwaka 2011 walifanya jaribio katika manispaa 20 wakiruhusu miaka 16 kwenye uchaguzi wa mitaa, wakarudia mwaka 2015. Hiki ni kitu adimu, kwa sababu kuna manispaa zilizoruhusiwa na ambazo hazikuruhusiwa, unaweza kulinganisha. Mtafiti Johannes Bergh alikuta vijana wa 16 na 17 hawakukomaa zaidi kisiasa, katika hamu na katika kujiamini, kwa sababu tu ya kupewa kura. Ile ahadi kwamba haki huleta ukomavu haikuonekana. Norwei haikuendelea nayo kitaifa. Anayetaja Austria bila kutaja Norwei anachuma mtini yale matunda yanayompendeza tu.

Tatu, naomba upande wa kushusha uache hoja mbili dhaifu. Moja ni ya kodi. Mtalii analipa kodi ya ongezeko la thamani kila anaponunua kitu, na hana kura. Bibi asiye na kipato halipi kodi ya mapato, na kura anayo. Kodi na kura zilitenganishwa zamani, kwa vita kali, na hakuna anayetaka kuzirudisha pamoja. Nyingine ni "nchi nyingi zimeshafanya." Si nyingi. Kwa chaguzi za kitaifa ni Austria, Malta, Brazil, Argentina, Ekwado, Kuba, Nikaragua na chache nyingine. Indonesia na Timor Mashariki wako 17. Ugiriki 17. Kuna hata waliopanda: Iran ilikuwa 15, ikaenda 18 mwaka 2007. Dunia kwa sehemu kubwa iko 18, na baadhi ya nchi zimefika hapo juzi tu. Japani ilitoka 20 sheria ilipoanza kutumika 2016, Korea Kusini ilitoka 19 mwishoni mwa 2019.

Lakini nikiwa mkweli, hoja ya kwamba watapiga kura ya wazazi haiko imara upande wetu pia. Uchunguzi wa Skoti kabla ya kura ya 2014, ulioongozwa na Jan Eichhorn, ulihoji kijana pamoja na mzazi wake, na zaidi ya asilimia 40 ya vijana walikuwa na nia tofauti na ya mzazi aliyehojiwa. Hatari iko kwa kura za posta zinazojazwa mezani sebuleni mzazi akiwa amesimama nyuma. Ukitaka kuwalinda, wazuie kundi hilo wasipige kura ya posta isipokuwa kwa sababu maalumu. Kwenye kibanda hakuna mzazi.

---

Daftari_na_Wino amejibu:

La tatu ni langu. Naandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo sheria nzuri hugeuka kuwa aibu siku ya uchaguzi.

Tarehe ya kuhesabia umri. Muswada ukisema "aliyetimiza miaka 16" bila kusema lini, tume italitafsiri kuwa siku ya kuandikishwa. Daftari likifungwa miezi sita kabla ya uchaguzi, kikomo cha kweli kimekuwa 16 na nusu, na ile hesabu ya @Takwimu_Tupu yote inasogea nusu mwaka. India waliishi na tarehe moja tu, 1 Januari, kwa miongo mingi: ukitimiza 18 tarehe 2 Januari unasubiri daftari la mwaka unaofuata. Sheria ya 2021 ikawapa tarehe nne, yaani 1 Januari, 1 Aprili, 1 Julai na 1 Oktoba. Maneno sahihi kwenye muswada ni "atakayekuwa ametimiza miaka kumi na sita siku ya kupiga kura", na kuandikishwa kuruhusiwe mapema.

Kuandikishwa mapema. Ukitaka mwenye 16 apige kura, lazima aingie kwenye mfumo akiwa na 15, au hata 14. Brazil inamruhusu mwenye miaka 15 kuomba kadi ya mpiga kura ikiwa atatimiza 16 kufikia siku ya uchaguzi, na daftari hufungwa takriban siku 150 kabla. Argentina wamerahisisha zaidi: kila mtu anahuisha kitambulisho cha taifa akifika 14, na aliyehuisha anaingia daftarini mwenyewe, bila foleni ya pili. Nchi ambayo kitambulisho hutolewa kuanzia 18 haiwezi kushusha umri wa kura bila kwanza kushusha umri wa kitambulisho. Inasikika kama jambo la wazi. Angalia miswada uone ni mingapi inalitaja.

Uthibitisho wa umri. Kikomo cha 18 kinazua ubishi kuhusu wa 17. Kikomo cha 16 kinauhamishia kwa wa 15 na 14, na kwa macho huwezi kutofautisha. Karani asiachiwe kukisia. Cheti cha kuzaliwa ndicho cha kwanza. Kisipokuwepo, rejesta ya shule iliyojazwa kabla ya sheria kupita, maana ile iliyojazwa baada ya hapo inaweza kuwa imerekebishwa. Kadi ya kliniki ya utotoni inasaidia. Kiapo cha kiongozi wa mtaa kiwe cha mwisho kabisa, kwa sababu hapo ndipo mawakala wa vyama watapeleka pingamizi, na watakuwa na haki.

Picha na data. Sura ya miaka 15 hubadilika. Picha iliyopigwa siku hiyo inaweza kumletea mtu shida kituoni akiwa na 20, kwa hiyo kadi iwe na muda wa kuhuisha picha bila kuandikishwa upya. Halafu daftari ni hati ya umma: vyama hupewa nakala, majina hubandikwa. Ukiweka jina, tarehe ya kuzaliwa na makazi ya mtoto wa miaka 15 ukutani umemweka hatarini. Skoti, kwa kura ya 2014, walitenga daftari la wapiga kura vijana, na sheria yao ya 2015 ikazuia taarifa za walio chini ya 16 kutolewa hadharani. Kanuni nzuri: anayesubiri kutimiza umri asionekane kwenye nakala yoyote ya umma hadi karibu na siku ya kura, na tarehe yake ya kuzaliwa isichapishwe kabisa.

Wanafunzi wa bweni. Hapa kuna mtego wa pande mbili. Wakiandikishwa nyumbani, uchaguzi ukiangukia wakati wa muhula hawapigi kura. Wakiandikishwa shuleni, wanaweza kuipindua kata. Kata yenye wapiga kura 3,000 ikipata shule yenye wanafunzi 400 wenye umri, hao ni karibu asilimia 12 ya daftari jipya, na wengi watakuwa wameondoka kabla diwani waliyemchagua hajamaliza muhula. Suluhu isiyo na kasoro sijaiona. Inayofanya kazi vizuri kiasi ni kuwaandikisha nyumbani na kuweka siku ya kura ndani ya likizo, jambo ambalo tume na wizara ya elimu huweza kulipanga ikiwa tarehe ya uchaguzi inajulikana mapema. Kituo cha kura kikiwa ndani ya shule, walimu wa shule hiyo wasiwe makarani wa kituo hicho.

Idadi. Katika nchi yenye wazee wengi, wenye 16 na 17 ni sehemu ndogo. Uingereza, ambako serikali ilitangaza Julai 2025 kwamba itashusha hadi 16 kwa chaguzi zote, inazungumzia watu karibu milioni 1.5. Katika nchi ambayo nusu ya watu wako chini ya 18, mahesabu hubadilika kabisa. Rika mbili hizo zinaweza kuwa asilimia 4.5 hivi ya watu wote; ukigawa kwa ile nusu yenye kura, daftari linaongezeka kwa asilimia 9. Kituo cha watu 500 kinapata 45 zaidi. Kwa dakika 3 kila mmoja na vibanda vitatu, ni dakika 45 za ziada kwenye foleni. Ama uongeze kibanda, au upunguze idadi ya watu kwa kituo.

Kwenye uandikishaji: mashine moja, dakika 8 kwa mtu, saa 8 za kazi, ni watu 60 kwa siku. Ukiwa na mashine 500 na vijana milioni moja, ni siku 34 bila mashine hata moja kuharibika. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya betri, mtandao na karani kuugua. Sasa uko kwenye siku 45. Kwa hiyo bajeti ya uandikishaji iambatane na muswada. Ikifuata mwaka wa pili, vijana wa kwanza wamepitwa.

Malaysia inafundisha hapa. Bunge lilipitisha mwezi Julai 2019 kushuka kutoka 21 hadi 18, pamoja na uandikishaji wa moja kwa moja. Utekelezaji ukacheleweshwa, vijana wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Kuching mwaka 2021 ikaamuru itekelezwe kabla ya mwisho wa mwaka. Ikaanza 15 Desemba 2021. Daftari likatoka karibu milioni 15 kwenye uchaguzi wa 2018 hadi milioni 21 mwaka 2022. Lakini soma vizuri: sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na uandikishaji wa moja kwa moja, uliowaingiza hata watu wazima ambao hawakuwahi kujiandikisha.

---

Swali_Gumu ameandika:

Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Mawili tu yamebaki. Kura ya wenye 16 na 17 iwe ya hiari au ya lazima kama ilivyo kwa wengine? Na je, anayeweza kupiga kura lazima aweze pia kugombea?

---

Wakili_wa_Kijiweni amejibu:

La hiari na lazima linakuhusu tu ikiwa nchi ina kura ya lazima. Zisizo nayo, wote ni hiari, hakuna cha kujadili. Brazil (katiba ya 1988), Ekwado (2008) na Argentina (sheria ya 2012) wana kura ya lazima kwa watu wazima, na zote tatu ziliacha 16 na 17 kuwa hiari. Sababu ni rahisi: kura ya lazima huja na adhabu, na kumtoza faini mtoto wa shule maana yake ni kumtoza mzazi. Kasoro yake ni kwamba hiari huchuja. Waliosoma na wa mjini hujiandikisha kwanza, wa pembezoni hubaki. Argentina ilipunguza kasoro hiyo kwa ule uandikishaji wa moja kwa moja alioutaja @Daftari_na_Wino.

Kugombea ni haki nyingine kabisa. Austria unapiga kura ukiwa na 16, unagombea ubunge ukiwa na 18, na urais 35. Hakuna mgongano wa kisheria hapo. Kiongozi anasaini mikataba, anashtakiwa, anaapishwa. Hayo yanahitaji uwezo kamili wa kisheria, ambao mwenye 16 hana.

Umeniacha na kitu kimoja ambacho hukuuliza, ukiongeze kwenye maandalizi: makosa ya uchaguzi. Kijana wa 16 akipiga kura mara mbili, anashtakiwa kwa sheria ya uchaguzi yenye kifungo na kufungiwa kupiga kura miaka kadhaa, au anapelekwa mahakama ya watoto? Muswada ukikaa kimya, hakimu wa kwanza atakayepata kesi hiyo ndiye atakayeamua. Na anayemnunulia kijana kura awe na adhabu kali kuliko ya kununua kura ya mtu mzima. Hilo liandikwe waziwazi.

---

Mpinzani_Rasmi amejibu:

Kwa hilo la kununua kura nakuunga mkono hata mimi niliye upande wa pili.

@Swali_Gumu, kwenye mdahalo watakuuliza pia "kwa nini 16 na si 15?" Usiseme "kwa sababu Austria". Jibu linaloweza kutetewa ni kwamba kila kikomo ni cha kukadiria, na 16 iko karibu na mahali ambapo vipimo vya kufikiri kwa utulivu vinaacha kupanda. Upande wangu utakujibu kwamba katika nchi nyingi 18 ndipo uwezo kamili wa kisheria unapoanza, na kwamba mstari mmoja kwa mambo yote ni rahisi kuusimamia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unamtambua mtoto kuwa aliye chini ya 18, lakini haukatazi mtoto kupiga kura. Usikubali mtu autumie kama katazo. Vilevile Ibara ya 25 ya mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa haitaji umri wowote, inaiachia nchi iweke kikomo cha busara.

---

Daftari_na_Wino amejibu:

Nyongeza moja kuhusu kifungu cha kuanza kutumika, maana mwenye kuandika muswada huwa amechoka akifika hapo. Tume ya Venice, chombo cha Baraza la Ulaya kinachoshauri kuhusu katiba na sheria za uchaguzi, katika mwongozo wake wa 2002, inashauri mambo ya msingi ya sheria ya uchaguzi yasibadilishwe ndani ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Uchukue huo mwaka, ujumlishe siku zako 45 za uandikishaji, muda wa pingamizi na muda wa kuchapa daftari. Inakuja miezi 15 hadi 18. Muswada uliopita miezi minane kabla ya uchaguzi uandikwe kwamba utaanza kwa uchaguzi unaofuata huo, na tarehe itajwe kwa namba. Ukiandika "utaanza kutumika tarehe ambayo waziri atatangaza kwenye gazeti la serikali", waziri anaweza asitangaze.